Wema Uliopitia Dirishani

Katika nchi ambayo sitaitaja, kwa kuwa kuitaja nchi hadharani kunahitaji kibali cha kutaja nacho bado hakijatoka, serikali iligundua siku moja kwamba wananchi walikuwa wakitendeana wema bila utaratibu.

Ugunduzi huo uliwashtua viongozi. Ilibainika kwamba akina mama wa mtaa fulani walikuwa wakiwapikia wagonjwa uji bila kuwa na katiba. Vijana walizibua mtaro bila bango. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiwafundisha watoto hesabu barazani kwake kwa miaka mingi, wala hapakuwa na picha hata moja ya pamoja. Wema ulizagaa mitaani kama mbuzi wasio na mchungaji, na hakuna ofisi iliyoweza kusema ulikuwa wa nani, ulitoka wapi na uliidhinishwa na nani.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Hisani na Utaratibu, na Wizara ikazaa Lango Kuu la Wema: tovuti moja ambamo kila kikundi cha kijamii, kila shirika lisilo la faida na kila mwanaharakati angepata, kwa kubofya tu, kila alichokihitaji ili awasaidie wenzake. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu teknolojia kama kiungo kati ya dola na raia. Nilifurahi kwa dhati. Ninaomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kuaminika.

Nilihudhuria uzinduzi. Kompyuta ilipambwa kwa maua na kufungwa utepe, na Mheshimiwa Waziri akasimama mbele yake kwa muda mrefu, akiitazama kama mtu anayemtazama bibi harusi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Enzi za kukurupuka na kumsaidia mtu eti kwa sababu ameanguka mbele yako zimekwisha! Wema sasa ni sekta! Sekta ina ngazi! Sekta ina viashiria! Sekta ina dashibodi!"

Tukapiga makofi, hata sisi tusiojua dashibodi ni nini. Kisha akakata utepe. Kwa bahati mbaya utepe ulikuwa umezungushwa pamoja na waya wa mtandao, mkasi ukavikata vyote viwili kwa pigo moja, nasi tukapiga makofi tena. Waya ule haukuungwa, kwa kuwa kuunga kitu kilichokatwa na mgeni rasmi kungeonekana kama kumpinga. Ndiyo maana, tangu siku ile, Lango Kuu la Wema linapatikana popote duniani, mradi popote hapo pawe ndani ya jengo la Wizara, ghorofa ya nne, upande wa nyuma.

*

Kikundi chetu kiliitwa Mikono. Kiliundwa na kaka yangu Shomari, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, pamoja na majirani na wanafunzi wachache tuliojua lugha ya alama. Kazi yetu ilikuwa moja: kiziwi akienda zahanati, mahakamani, au kwenye kikao cha wazazi shuleni, mmoja wetu alifuatana naye, akasimama pembeni na kutafsiri. Hatukuwa na fulana. Tulikuwa na mikono, na kwa kazi ile mikono ilitosha.

Mke wa Shomari, wifi yangu Mwanahawa, naye ni kiziwi. Ni msusi hodari na ana ulimi mkali kuliko watu wengi wenye sauti, ila ulimi wake uko vidoleni. Yeye ndiye mgawaji wa majina mtaani kwetu. Viziwi hawamwiti mtu kwa jina la kwenye cheti. Humtazama kwa muda, kisha humpa jina la mkono, na jina hilo likishatoka halibadiliki. Mimi ninaitwa kiganja kilichofunguliwa mbele ya pua, kwa sababu ninasoma nikiwa nimekiinamia kitabu. Mheshimiwa Waziri, ambaye Mwanahawa alimwona kwenye televisheni tu, anaitwa mkono unaofuata tai kuanzia shingoni, unaopanda mlima wa tumbo na kuteremka upande wa pili.

Mwanahawa alikuwa mjamzito kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alijifungua kabla Mikono hakijaundwa. Mimi nilikuwa shule ya bweni, Shomari alizuiwa nje, na ndani wauguzi walikuwa wamevaa barakoa, hata midomo yao asiione. Walimpigia kelele asisukume, kwa kuwa kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Yeye aliona macho yaliyotoka na mikono iliyorushwa hewani, akadhani anahimizwa. Alisukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Mtoto yule tulimzika siku iliyofuata.

Kwa hiyo safari hii aliniomba jambo moja tu. Alinishika mabega jikoni kwake, akaniachia, kisha akaniambia kwa mikono, polepole, kama anayemfundisha mgeni: "Siku hiyo nataka nikuone. Usinishike mkono, usiniombee dua. Simama mahali ninapokuona."

Nikamwahidi. Wiki hiyo hiyo ulitoka waraka kwamba hakuna kikundi chochote cha kujitolea kitakachoingia wodini bila Namba ya Wema, inayotolewa na Lango Kuu peke yake.

*

Tulikwenda Wizarani mimi na Shomari, yeye kama mwenyekiti na mimi kama katibu. Kwenye ngazi tuliwakuta wenzetu wa huduma za mtandaoni, wamekaa kwa foleni kutoka ghorofa ya nne hadi getini, wengine wakiwa na vyakula na mito ya kulalia. Walikuwa watu wa kila aina ya wema. Mama mmoja wa kikundi cha uji aliniambia kwa fahari kwamba uji wake umefika hatua ya uhakiki.

"Na wagonjwa je?" nilimuuliza.

"Wale walishapona, mwanangu. Wengine walikufa. Lakini uji unaendelea vizuri."

Tulipofikia kompyuta nilikiri moyoni kwamba Lango lilikuwa na utajiri. Kulikuwa na sampuli ya katiba, sampuli ya risala, na sampuli za shukrani kwa Waziri za urefu mbalimbali, kulingana na kiasi cha shukrani. Kulikuwa na kozi iliyoitwa "Namna ya Kuanzisha Kikundi Ambacho Tayari Kipo". Kulikuwa na ramani ya wahitaji nchi nzima, yenye mito, milima na reli, isipokuwa wahitaji wenyewe hawakuwemo, kwa kuwa hawakuwa wamejisajili.

Kulikuwa pia na msaidizi wa mtandaoni aitwaye Dada Wema, anayejibu maswali papo hapo. Nilimwandikia: "Mjamzito kiziwi anahitaji mkalimani wakati wa kujifungua."

Dada Wema akajibu: "Hongera kwa ujauzito wako! Chagua mada: bango, fulana, au picha ya pamoja."

Nikaandika tena, kwa ufupi zaidi, kwamba mtu anaweza kupoteza maisha.

"Pole kwa msiba! Chagua mada: bango, fulana, au picha ya pamoja."

Tukafika kwenye uthibitisho. Kompyuta ilimtaka mwenyekiti aseme kwa sauti yake mwenyewe maneno haya: Mimi ni mtu mwema. Shomari aliyasoma kwenye kioo, akanitazama, akacheka kicheko chake kisicho na sauti, kisha akayasema kwa mikono, kwa ufasaha na hata kwa madaha.

"Hatukusikii," ilisema mashine. "Ongea kwa uchangamfu."

Akarudia.

"Hatukusikii. Ongea kwa uchangamfu."

Hapo akatokea Bwana Kilumanga, Afisa Mwandamizi wa Uhakiki wa Nia Njema, mtu mpole mwenye mazoea ya kuupulizia muhuri pumzi ya moto kila mara kabla ya kugonga. Nilimweleza kwamba mwenyekiti wetu ni kiziwi na hatumii sauti.

"Aisee. Kwa hiyo hawezi kuwa mwema?"

"Anaweza, Mzee. Hawezi kulisema kwa sauti."

"Binti yangu, elewa. Mimi sijasema hawezi kuwa mwema. Mfumo nao haujasema hawezi. Mfumo umesema haumsikii. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa." Aliupulizia muhuri. "Sasa, kwa nini msichague mwenyekiti mwenye sauti?"

"Kikundi ni cha viziwi, Mzee."

"Ndiyo, ndiyo, na sisi tunawapenda sana viziwi. Mwaka huu wana siku yao, tena na maandamano. Lakini kikundi cha viziwi kingekuwa na nguvu zaidi kama uongozi ungekuwa unasikia."

Nilimtafsiria Shomari. Akaniuliza kama anaweza kujibu. Nikamwambia ajibu. Akajibu kwa alama moja fupi, ambayo Bwana Kilumanga aliidhania salamu, naye akairudisha kwa heshima zote, mbele ya foleni nzima.

*

Baada ya kwenda na kurudi mara nyingi, niliruhusiwa kuwa Kaimu Sauti wa Mwenyekiti. Nilisema mbele ya mashine kwamba mimi, kwa niaba ya mtu mwema, ni mtu mwema. Mashine ikaridhika. Nilitoka nikiwa na furaha iliyoniaibisha, maana nilikuwa nimeanza kushukuru kwa kupewa kilichokuwa chetu.

Ilibaki hatua moja, ya kusajili tukio. Msomaji anayeijua nchi yetu anafahamu kwamba kwetu hakuna jambo linalotokea bila mgeni rasmi. Shimo la barabarani likizibwa, mgeni rasmi hutangulia kulikanyaga. Choo cha shule kikijengwa, mgeni rasmi hukizindua, na watoto husubiri nje wakiwa wamebana miguu hadi risala iishe. Lango Kuu lilikuwa limeiheshimu mila hii kikamilifu: tendo lolote la wema lililokosa bango, risala na mgeni rasmi lilihesabiwa kuwa halikutendeka.

"Tukio lenu litaanza saa ngapi?" aliuliza Bwana Kilumanga.

"Ni kujifungua, Mzee. Mtoto ndiye atakayeamua."

"Mtoto amesajiliwa kama mratibu?"

"Hajazaliwa."

"Basi hawezi kuamua." Alifungua kalenda. "Mkuu wa Wilaya ana nafasi Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana. Mwambieni mama ajitayarishe. Bango likae juu ya kitanda, lakini lisiizibe sura ya mgeni rasmi kwenye picha. Risala isiwe ndefu, maana nimeambiwa shughuli yenyewe ina maumivu."

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni kwa muda, nikitafuta hata mkunjo mmoja wa kicheko, sikuupata.

Nilipomsimulia Mwanahawa, alicheka hadi akakaa chini, mkono mmoja tumboni na mwingine ukisema: "Mwambie akija aje na kanga zake na sabuni, na ajue kumshika mtu kiuno. Hatuhitaji mtu wa kuja kutoa macho tu." Kisha akafuta machozi ya kicheko, na mikono yake ikabadilika. "Umeshaipata hiyo namba?"

"Imo kwenye uhakiki."

"Mtoto hayumo kwenye uhakiki," alisema. Alhamisi ya mwisho wa mwezi ilikuwa mbali.

*

Uchungu ulimshika Jumatatu asubuhi, akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Kufikia adhuhuri tulikuwa hospitalini. Mlangoni mwa wodi alisimama Mganga Mfawidhi mwenyewe akiwa ameshika waraka. Hakuwa mtu mbaya. Nimejifunza kwamba katika nchi yetu watu wabaya ni wachache sana, na kwamba mambo hukwama bila msaada wao.

"Namba ya Wema?"

"Bado, daktari. Lakini mimi ni wifi yake."

"Ndugu anaruhusiwa kuingia saa ya kutazama wagonjwa, na kutazama tu. Akitafsiri, anakuwa mtoa huduma. Mtoa huduma asiye na namba ni hatari kwa mgonjwa."

"Mtoto wa kwanza alikufa kwa sababu hakuna aliyemtafsiria, daktari. Hapa hapa. Wodi hii."

Alishusha macho kwenye waraka, akausoma upya tangu mwanzo, na ninaamini kwamba alikuwa anatafuta kwa nia safi mstari ambao ungemruhusu kunihurumia. Haukuwemo. "Pole sana," alisema, akafunga mlango.

Kupitia upenyo nilimwona Mwanahawa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amegeuza shingo, ananitafuta. Shomari alipiga ukuta kwa kiganja, mara moja, kisha akakaa sakafuni. Mimi nilisimama pale na insha yangu yote kuhusu dola na raia, na sikujua pa kuiweka.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo Wizara nzima ilikuwa imelisahau, na ambalo mimi, pamoja na mikono yangu miwili, sikupaswa kabisa kulisahau: lugha ya alama haihitaji mlango. Nilizunguka jengo mbio, nikapita kwenye kamba za mashuka yaliyoanikwa, nikafika kwenye dirisha la wodi ya wazazi. Kioo kilikuwa kizima na kimefungwa. Nikasimama juu ya tofali na kuinua mikono.

Aliniona. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala sidhani kama nitatazamwa tena.

Muuguzi aliyekuwa naye, mama mnene mwenye baka jeusi kidevuni, aligeuka kuona mgonjwa wake anatazama nini. Alinikuta mimi, kichwa kikiwa kimechomoza kati ya shuka na shuka. Akatazama mlango uliofungwa. Akanitazama tena. Halafu akakigeuza kitanda kielekee dirishani, akashusha barakoa yake hadi shingoni, na kufungua kioo upana wa kiganja. Hata hilo la mwisho halikuwa lazima: sauti za wauguzi wa nchi yetu zinapenya kuta.

"Mwambie apumue!" alipaza. Nikamwambia.

"Mwambie bado!" Nikamwambia.

Nyuma yangu nilimsikia Mganga Mfawidhi akija huku akihema. "Binti! Unafanya nini hapo?"

"Nimesimama kwenye tofali, daktari."

"Waraka umekataza kuingia wodini!"

"Sijaingia."

"Mikono yako inaingia!"

"Iko huku nje, daktari. Itazame."

Akaitazama. Akafungua waraka, akatafuta neno dirisha, naye alikuwa bado analitafuta muuguzi alipopiga kelele ya namna nyingine kabisa.

"Asisukume! Kitovu kiko shingoni! Asisukume, mwambie asisukume!"

Nilimwona Mwanahawa akifumba macho na kukusanya nguvu zake zote, kama alivyozikusanya mara ya kwanza. Nilipiga kioo kwa ngumi hadi fremu ikatikisika na mtikisiko ukafika kitandani, akafungua macho, nami nikamwambia kwa mikono yote miwili, kwa uso, kwa mabega: bado. Bado. Bado. Alikuwa anatetemeka, jasho likimtiririka machoni naye akikataa kuyafumba, ananitazama, anasubiri. Sikuona alichofanya muuguzi. Niliona uso wa wifi yangu tu, ukishikilia mikono yangu.

"Sasa!" alisema muuguzi. Nikasema: sasa.

Baada ya hapo kulikuwa na ukimya, kisha sauti nyembamba, ya hasira, ikajaa wodini na kumwagika hadi kwenye mashuka. Mwanahawa aliinua mkono uliokuwa hauna nguvu, akaniuliza jambo ambalo mimi peke yangu kati ya watu wote waliokuwepo ndiye niliyeweza kumjibu.

"Analia?"

"Analia," nilimwambia. "Analia sana."

Mganga Mfawidhi aliukunja waraka, akautia mfukoni na kujisafisha koo. Kabla ya jua kuzama, Mwanahawa alikuwa ameshamtazama muuguzi yule kiasi cha kutosha, akampa jina: kidole kinachogusa kidevu penye baka, kisha kiganja kinachofunguka taratibu, upana ule ule wa kile kioo.

*

Serikali yetu, kama ilivyo desturi yake, ilijifunza kutokana na tukio hili. Madirisha ya wodi zote za wazazi nchini yamepakwa rangi za taifa ili kuzuia uvujaji wa wema usiosajiliwa. Mgeni rasmi alipaka dirisha la kwanza, akapigwa picha. Lango Kuu nalo lilituandikia kutupongeza, na kutuarifu kwamba kwa kuwa ratiba ya Mkuu wa Wilaya imebadilika, tunaombwa kuahirisha kujifungua hadi robo ijayo ya mwaka.

Madirisha yakiwa yameshazibwa, walianza kutokea wajawazito viziwi waliosimulia kwamba ndani ya wodi ile yupo muuguzi anayeshusha barakoa na kusema kwa mikono yake mwenyewe: pumua, bado, sasa, analia. Anakosea kidogo kwenye vidole, lakini anaeleweka. Habari hizo zilifika Wizarani. Alikuwa anatoa huduma ya ukalimani bila namba, bila bango, tena akiwa kazini.

Niliitwa ghorofa ya nne. Bwana Kilumanga alinikaribisha kiti na kuniuliza habari za mtoto, na nilipomwambia kwamba hajambo alifurahi kweli. Kisha akawasha mashine ya kunasa sauti, akaisogeza karibu yangu.

"Binti yangu, hatuna ubaya. Tunataka tu kumweka kwenye utaratibu. Mganga Mfawidhi anasema wakati ule alikuwa akisoma waraka, hakumwona muuguzi. Wewe ulishirikiana naye. Jina lake nani?"

Nililelewa kusema kweli, na jina lake pekee ninalolijua ni moja. Nikagusa kidevu changu, nikafungua kiganja.

"Hatukusikii," ilisema mashine. "Ongea kwa uchangamfu."

Bwana Kilumanga alinitazama kwa huzuni. Akaupulizia muhuri, akaandika kwenye jalada kwamba mhojiwa hakujibu, akagonga. Halafu, kwa kuwa utaratibu ulimtaka afanye hivyo, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikalirudia jina lile, polepole zaidi, ili alione vizuri.